Ufa Niliouziba kwa Kubofya

Ipo siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu, na nikikuona umeinamia kompyuta ukisafisha maumbo kwa kasi hiyo, inanirudia. Sogea nikusimulie. Kazi haikimbii.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nimeajiriwa kwenye ofisi ndogo ya wahandisi pale Pasiansi. Mwenye kivuko kimoja cha zamani kilichokuwa kikienda Ukerewe alitaka kukiongezea ghorofa ya juu ili kibebe abiria wengi zaidi. Michoro yake ilishapotea. Kwa hiyo vijana wa vipimo walishuka tumboni mwa kivuko na mashine ya leza, wakapima kuta zote kwa ndani, wakaniletea faili. Kazi yangu ilikuwa kuliingiza umbo lile la kivuko kwenye programu, kulisafisha, kisha kulibebesha mzigo humo humo kwenye kompyuta tuone kama chuma kitastahimili.

Wewe unajua jinsi umbo la kuletwa linavyofika. Linafika na matundu, kingo zisizokutana, na vipande vyembamba visivyo na maana, kama shati la mtumba lililofumuka. Programu inakuwekea alama nyekundu, unabofya, inaziba. Nilikuwa hodari wa kubofya, na sifa nilizipenda.

Ubavuni, karibu na mbele, palikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Nikauziba. Baadaye vijana wa vipimo wakagundua wameruka sehemu, wakarudi kupima, wakaleta faili jipya. Mstari ulikuwa palepale, nao umerefuka. Nikauziba tena. Likaja faili la mwisho, na sasa mstari ulikuwa umepinda kuelekea chini, kama kitu kinachotafuta njia. Nywele zilinisimama, sikufichi. Nilimwambia mwenzangu kwamba kuna kitu kinatambaa ndani ya ile kompyuta, akacheka, akasema nipunguze kahawa. Nikacheka naye. Nikabofya, mstari ukatoweka, nikaweka mzigo, kivuko kikasimama imara. Nikaandika kwamba ni kizima.

Sasa, mama yangu alikuwa akileta machungwa kutoka Ukerewe na kuyauza Mkuyuni. Siku ya kupeleka ripoti alikuwa kwangu, anafunga matenga yake matupu arudi nyumbani. Akaniuliza, "Nasikia wewe ndiye unayekipima kile chombo. Ni kizima?"

"Kizima, mama. Panda tu."

Nikaenda ofisini kumpelekea Mama Koku ripoti aitie sahihi. Huyu ndiye aliyekuwa mhandisi wetu mkuu, Mhaya wa Bukoba, mwanamke wa maneno machache. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Ripoti yangu hata hakuifungua. Alifungua yale mafaili kama yalivyoletwa, kabla ya mkono wangu, akayaweka moja juu ya jingine. Mistari ikaonekana yote kwa pamoja, mmoja umetoka ndani ya mwingine.

"Waitu, mwanangu," akasema kwa neno la upole la kwao, "hiki unachokifuta kila kikirudi, umekwenda kukiona?"

"Ni kasoro ya kuingiza faili tu, mama."

"Kasoro ya faili haikui. Chukua tochi."

Tulikikuta kivuko gatini, kinasubiri abiria. Tukashuka tumboni. Nje palikuwa na jua kali la mchana, lakini mle ndani mlikuwa na giza na harufu ya kutu na mafuta. Sakafuni palituama maji kidogo. Baharia aliyetuongoza alisema ni jasho la chuma, wamezoea kulichota. Nikamulika ubavuni na sikuona kitu, maana rangi ilikuwa nzito na nje matairi ya kukinga ubavu yaliziba mwanga. Mama Koku akanishika kiganja, akakibandika pale palipokuwa na mstari wangu.

Kuta zilikuwa zimefungwa pande zote, mwanangu, lakini kitu kilinipulizia mkononi. Kilikuwa kibaridi, kikija na kwenda, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Hapo ndipo abiria walipoanza kupanda. Nilisikia nyayo zao juu ya kichwa changu, chache, kisha nyingi, kisha haziachani. Na kila nyayo zilipoongezeka, pale chini ya kiganja changu palifunguka na kufumba. Chombo kikazama kidogo kwa uzito wao. Pumzi ikakatika. Badala yake yakaja maji, yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Nilitaka kuutoa mkono nikashindwa, kwa sababu nilijua kwamba miongoni mwa nyayo zile zimo za mama yangu, na amepanda kwa neno langu.

Mama Koku alishapanda ngazi. Nahodha alibisha kidogo, akashuka, akagusa mwenyewe, akatoa amri. Abiria wakateremshwa wakinung'unika. Mama yangu alinikuta gatini, shati limejaa kutu.

"Si ulisema kizima?"

"Nilisema kabla sijaangalia."

Hakunigombeza. Aliushika ule mkono uliolowa, akaufuta kwa kanga yake, kidole kwa kidole, na mimi mtu mzima nikalia mbele za watu. Mafundi walipokuja kulikata lile bati, halikuhitaji moto mwingi. Lilimeguka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakujua kwamba atatokea mtu wa kuziba picha ya ufa akaenda kula chakula cha mchana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kompyuta siku hizi inatusaidia kuficha vizuri sana. Kwa hiyo usifute jambo kwa sababu tu linakuharibia umbo. Kwanza uliza limetoka wapi, na kama limetoka kwenye kitu chenyewe, inuka uende ukakiguse. Na ukiona mwili umekusisimka mbele ya kazi yako, usikubali kuchekwa mpaka ukapuuza. Huenda macho yameona ambacho kiburi hakijakubali.

Haya, rudi kwenye kazi yako. Mungu akujalie mkono usio na papara, na wote watakaotembea juu ya kazi yako wafike kwao salama, wale, walale, wasipate kamwe sababu ya kuuliza jina lako.