Mlango wa Msaji wa Mama Harish

Nilikwenda India kwa sababu ya mlango. Bwana Harish, aliyekuwa akituuzia mbao sisi wachongaji, alitaka kumjengea mamake chumba cha sala nyumbani kwao Ngara, Nairobi, mlango wake uchongwe kama wa zamani. Alikuwa amesikia kwamba kule Gujarat mafundi wa kazi hiyo wameanza kupatikana tena.

"Mutua, twende," akaniambia. "Ujifunze, halafu uje uniunganishie mlango hapa. Nauli ni juu yangu."

Makongeni, nyumbani kwangu, mke wangu Mwende aliiacha chai yake ikapoa. Mimi ni shemasi kanisani.

"Utachonga miungu yao?"

"Mlango tu, mama."

"Na wakikuambia upige magoti?"

Nilifunga begi hata hivyo; hamu ya kuona ilinizidi.

Bombay tulitua alfajiri, tukapanda treni ya kwenda kaskazini. Humo Bwana Harish, ambaye Nairobi tulimwita Mhindi, aligeuka mgeni kuliko mimi. Alipoomba, kwa Kigujarati chake, "kisu" cha kukatia embe, abiria walikodoa macho. Kisu, sufuria, fagio: maisha yake yote alidhani hayo ni maneno ya Kigujarati! Walicheka, naye akacheka, kisha akageukia dirisha.

Karakana ya uchongaji tuliyofikia ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Kanta. Baba yake aliiacha kazi hiyo watu walipotaka madirisha ya chuma, akaenda kiwandani. Sasa mahekalu mapya yanajengwa hadi ng'ambo, vijana wanajifunza upya nyimbo za sala, na wachongaji wanatafutwa.

"Nani alikufundisha?" nikauliza, Bwana Harish akitafsiri.

"Hakuna. Nilikusanya milango mibovu ya nyumba zilizobomolewa, nikaifumua kipande kwa kipande."

Asubuhi, kabla ya kazi, aligusisha patasi kwenye paji la uso, kuiombea kazi. Akaona nimesita.

"Wewe omba kama kwenu," akasema.

Nikasali Baba Yetu kwa Kikamba. Alingoja hadi amina.

Mlango ulipokaribia kwisha, alinipa kipande cha msaji. "Nichongee kitu cha kwenu."

Nikachonga twiga, chapuchapu. Akamgeuza mkononi. "Nyanya yako alikuwa na huyu nyumbani?"

"Hapana. Huyu ni wa watalii."

"Mimi nimetaka cha kwenu."

Nilikumbuka kiti cha babu, cha miguu mitatu, kilichopambwa kwa waya wa shaba. Mikono yangu haikujua pa kuanzia.

Ngara, tuliporudi na vipande vya mlango, niliviunganisha hadi ukasimama. Mamake Harish alipapasa maua yaliyochongwa, akaanza kuimba wimbo wa sala. Mwanawe hakuyajua maneno. Akaketi sakafuni, mtu mzima mwenye mvi, akamwomba arudie mstari wa kwanza. Mwende, aliyekuja kujionea, aliwatazama. Njiani aliniambia tu, "Kweli ni mlango."

Nilidhani mila hurithiwa kama shamba. Nilichokiona kule ni watu wazima waliokubali kuwa wanagenzi. Kwa hiyo nikaenda Machakos kumuuliza shangazi jinsi babu alivyopachika ule waya. Alikumbuka nusu, nusu nyingine nikabahatisha.

Kiti changu cha kwanza Mwende alikikalia uani akichambua maharagwe. Alipoinuka, waya ulichomoka ukararua leso yake. Akautazama mpasuko, akanitazama mimi.

"Tengeneza kingine," akasema.