Siku Niliyoshikilia Kitufe cha Redio

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka kuikumbuka. Ilikuwa masika, mvua imeishika Morogoro wiki nzima, na milima ya Uluguru ilikuwa haionekani kwa mawingu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimevaa blauzi mpya ya mtumba, nikijiona mimi ndiye mwenye umeme wa mkoa mzima. Siku hiyo mtu mmoja aliniamini, nami nusura nimuue.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja kuniambia umepata kazi ya kuongoza umeme. Ulisema mtakaa mbele ya skrini kubwa, mtaona kila laini na kila swichi kutoka mjini mpaka Turiani, na mtu akibonyeza hapa, umeme unakatika huko mbali. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Lakini ulipocheka ukasema, "Mama mkubwa, siku hizi hatuna haja ya kuulizana na wazee wa vibandani," moyo ulinishtuka. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa kicheko kama hicho hicho. Kwa hiyo kaa, chai inakuja.

Kazi yangu ilikuwa katika chumba cha kuongozea umeme hapo mjini. Usifikirie mambo makubwa. Palikuwa na meza, ramani ya laini ukutani, redio ya kuzungumzia, na daftari la zamu ambalo kila anayetoka anaandika yaliyotokea ili anayeingia ayasome. Swichi za laini zenyewe zilikuwa mbali, kila moja na kibanda chake, na kila kibanda na mtunza swichi wake. Na desturi ya kazi ilikuwa hivi: fundi hagusi waya mpaka mtunza swichi akate, afunge kwa kufuli, kisha aseme redioni kwa kinywa chake, "Nimekata, nimefunga, nimetazama kwa macho yangu." Mimi nayarudia maneno hayo neno kwa neno. Fundi naye anayarudia. Hapo ndipo anaruhusiwa kufanya kazi.

Kibanda cha Mlali kilikuwa cha Mzee Mkude. Alikuwa Mluguru wa milimani, mfupi, mwenye sauti ya taratibu iliyobeba lafudhi ya kwao, na aliitunza swichi ile tangu mimi niko shule ya msingi. Kasoro yake moja, kwa maoni yangu ya wakati ule, ilikuwa salamu. Ukimwita redioni hakupi jibu la kazi mpaka msalimiane mkamaliza.

"Shikamoo, Mzee. Naomba ukate Mlali."

"Marahaba, binti. Umeamkaje? Mama hajambo huko Bigwa?"

"Hajambo, Mzee. Naomba ukate..."

"Mahindi yake yamesalimika na hii mvua?"

Nilikuwa naangalia dari. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu, najua hesabu za umeme ambazo yeye hakuzijua, halafu naulizwa habari za mahindi. Nikiwa na wenzangu nilikuwa namwigiza, na walicheka sana. Leo nikikumbuka naona aibu mpaka masikioni.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka yalijaa bidhaa, viwanda vya mjini vilifungwa kimoja baada ya kingine, na neno lililowanyima watu usingizi lilikuwa kupunguzwa kazini. Kwetu nako yakaja mabadiliko. Walikuja wataalamu, wakafunga kwenye kila kibanda sanduku la chuma lenye antena. Sanduku linaitazama swichi, linatuma habari kwa mawimbi mpaka kwenye mnara waliousimamisha mlimani, na mnara unaturushia sisi chumbani. Ukutani wakatuwekea ubao wa taa. Taa nyekundu, swichi imeunganishwa na umeme unapita. Taa ya kijani, swichi imekatwa. Wakatufundisha siku chache, wakatuachia vitabu vinene, wakaondoka. Muda si mrefu majina ya watunza swichi wa kupunguzwa yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na la Mzee Mkude lilikuwamo. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi.

Nilisikitika, sitakuficha, lakini ndani kabisa nilifarijika. Nilijiambia sasa nitafanya kazi kwa haraka, bila mahindi.

Basi siku hiyo niliingia zamu ya mchana nikiwa nimechelewa kidogo. Mwenzangu wa asubuhi alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli, anawahi mtoto wake shuleni. Kwa kawaida tulikuwa tunalisoma daftari pamoja, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole. Aliniuliza, "Tusome?" Nikamwambia nenda, nitasoma mwenyewe. Sikusoma. Nilitazama ubao wa taa, nikaona Mlali ni kijani, nikakaa.

Haikupita nusu saa redio ikalia. Alikuwa dereva wa gari la mafundi, wako chini kidogo ya Mlali. Tawi kubwa limeangukia waya juu ya njia wanayopita watoto wa shule, na watoto wanakaribia kutoka. Fundi wao, Rashidi, alikuwa ameshapanda na msumeno, amejifunga mkanda, anasubiri neno tu. Rashidi nilimjua vizuri. Alikuwa kijana wa rika langu, mtu wa mizaha, ameoa mwaka ule ule. Fimbo yao ya kupimia umeme kwenye waya ilikuwa imeondoka na gari lililokwenda Turiani, kwa maana vifaa vilikuwa haba. Kwa hiyo pale juu hakuwa na kingine cha kutegemea ila neno langu.

Dereva akasema, "Rashidi anauliza, Mlali imekatwa? Au tumsubiri Mzee Mkude athibitishe?"

Nikashika kitufe cha kuongelea. Nikasema, "Imekatwa. Ninaona hapa. Mwambie aendelee."

Ningeishia hapo, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini sikukiachia kitufe. Nilikuwa na kiburi, mwanangu, na kiburi kinapenda kuongea. Nikaendelea kumweleza dereva kwamba mambo ya kumsubiri Mzee Mkude yamekwisha, kwamba sasa hivi habari zinapita mlimani zenyewe, kwamba mpaka mzee amalize salamu watoto watakuwa wamefika nyumbani na kulala. Nilicheka redioni. Niliongea kama dakika mbili hivi, kidole kimekandamiza kitufe.

Wewe hujazitumia redio zile, kwa hiyo nikueleze. Njia ilikuwa moja kwa watu wote. Ukishika kitufe unasikika wewe peke yako, wengine wote hawawezi kuingia, na wewe mwenyewe humsikii mtu. Anayetaka umsikie lazima akusubiri uachie.

Nilipoachia, nilisikia dereva anapiga kelele. Si kelele za maneno.

Sasa nikwambie nililokuwa silijui. Swichi ya Mlali ilikatwa kweli asubuhi, kwa kazi nyingine. Kazi ilipokwisha, Mzee Mkude aliunganisha tena kama alivyoagizwa. Lakini katikati ya hapo maji ya mvua yaliingia kwenye betri za mnara wa mlimani, na mnara ukanyamaza. Taa chumbani kwetu ikabaki na habari ya mwisho iliyoletewa. Mwenzangu aliliona hilo na aliliandika. Nimelisoma baadaye mara nyingi mno, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: "Mlali imeunganishwa. Mzee Mkude amethibitisha. Taa haijabadilika, isitegemewe." Ulikuwa mstari wa mwisho kabisa wa daftari, juu ya meza yangu, karibu na mkono wangu.

Na Mzee Mkude alikuwa kibandani kwake, redio imewashwa, ananisikia nikisema imekatwa huku swichi iko mbele yake imeunganishwa. Aliita. Aliita tena na tena. Sauti yake haikuweza kupita kwa sababu nilikuwa naongea, tena nilikuwa namwongelea yeye. Alipoona hasikiki aliitupa redio, akafungua kufuli linalozuia swichi isichezewe, akaivuta kwa nguvu zake zote. Msumeno wa Rashidi ulikuwa umeshaligusa lile tawi bichi lililolowa. Umeme ulikuwa umeshamshika. Mzee alipokata ndipo ulipomwachia, akabaki ananing'inia kwenye mkanda. Daktari alisema baadaye kwamba muda mchache zaidi ungetosha kumuua. Hakufa. Mkono wake wa kulia waliukata.

Nilikwenda kumwona wodini siku ya tatu. Mke wake alikuwa amekaa pembeni, akanipisha kiti bila kunisalimu, na sikumlaumu. Rashidi alinitazama muda mrefu. Kisha akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua tu: "Dada, ulisema unaona. Uliona nini?"

Nikamjibu, "Niliona taa."

"Taa," akasema. Akageuza uso ukutani. Nilisimama pale mpaka mke wake aliponiambia nenda dada, apumzike. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani Bigwa, na nililia njia nzima bila kujali nani ananiona.

Mzee Mkude alikuja mjini kuandika maelezo yake. Nilimkuta kwenye benchi la nje, viatu vimejaa tope, kofia mapajani. Nilimwamkia, akaitikia. Nilitaka kuomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nilikuita, binti. Nilikuita mpaka sauti ikanikauka. Ulikuwa unaongea."

"Nisamehe, Mzee."

"Mimi hukunikosea. Nakuambia ili ujue tu." Akafuta tope kiatuni kwa kidole. "Wewe ulidhani nakuuliza mahindi ya mama yako kwa kukosa kazi. Redio ina mikwaruzo, masafa ni marefu, na wewe sikuoni. Mtu akinijibu salamu vizuri najua ananisikia, najua ni yeye, na najua akili yake imetulia. Akijibu hovyo, nasubiri. Siwezi kumpa mtu habari ya umeme kabla sijajua kama yupo."

Miaka yote ile nilidhani ni porojo za uzee, kumbe ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Mkuu wetu alikuwa mtu mwema, na alitaka kunisaidia. Aliniambia niandike kwamba mtambo ulidanganya. Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Mtambo haukudanganya, mwanangu. Ulionyesha jambo la mwisho ulilosikia, na aliyesema ni la sasa ni mimi. Nikaandika hivyo hivyo. Nikataja na daftari nisilolisoma, na kitufe nisichokiachia. Waliniondoa chumbani kwa miezi mingi, nikapangwa stoo kuhesabu vikombe vya nguzo, vile vya kaure vinavyoshikilia waya, na niliona ni haki. Nilimwomba mkuu amwache Mzee Mkude kibandani hata kwa mwaka mmoja. Haikuwezekana, orodha ilikuwa imetoka juu. Mwisho wa mwezi alifunga kibanda, akakabidhi ufunguo, akarudi milimani kwenye migomba yake. Hakuna aliyemfanyia hata sherehe. Hilo nalo linaniuma mpaka leo, maana mtu aliyeokolewa alikuwepo na mtu aliyemwokoa tukamwacha aondoke hivi hivi.

Niliporudi chumbani nilifanya kazi miaka mingi, mpaka kustaafu. Mitambo ilizidi kuwa mizuri. Ilikuja ile ambayo mawasiliano yakikatika inakuandikia wazi kwamba habari hii ni ya zamani, na siku niliyoiona mara ya kwanza nilishukuru Mungu kwa sauti, vijana wakanishangaa. Walinishangaa pia kwa salamu. Nilikuwa siagizi kitu mpaka nimemuuliza mtu ameamkaje na nimemsikia anavyojibu. Najua waliniigiza. Niliwaacha waigize.

Sikukatazi skrini yako, usinielewe vibaya. Hiyo skrini itaokoa watu wengi kuliko tulioweza sisi na ramani yetu ya ukutani. Ninalokuusia ni hili. Kinachokuja mbele yako kwenye kioo ni habari, imesafiri, na habari yoyote iliyosafiri huulizwa imetoka kwa nani na imetoka lini. Usimwambie mtu aliye juu ya nguzo kwamba unaona, kama ulichokiona ni taa. Mwambie, "Mtambo unaonyesha hivi, ngoja nithibitishe." Atanung'unika, mvua itamnyeshea, mkuu wako atakuita mzembe. Mwache akuite. Soma daftari la aliyekutangulia, hata kama lina mwandiko mbaya na wewe umechelewa. Na ukishasema la lazima, nyamaza upesi, uachie njia, kwa sababu yule mwenye neno la kuokoa mtu huenda anakusubiri wewe umalize. Hasa akiwa ni mtu unayemdharau. Huyo ndiye hatutaki kumsikia, na huyo ndiye aliyesimama karibu na swichi.

Sasa inama nikubariki, maana kesho unaanza. Mungu akupe macho ya kutazama mara ya pili, na masikio yasiyochoka na salamu za watu. Akuepushe na kicheko kile nilichokicheka mimi. Akulinde na haraka, akulinde na sifa. Na kila utakayempa ruhusa ya kupanda, mwanangu, Mungu amshushe salama kwa miguu yake, afike nyumbani kwake na mikono yote miwili.