Kitufe cha Simu ya Mama

Fundi wa tovuti ya hospitali alipanga simu kuukuu mezani, akafungua ukurasa uleule wa kuomba miadi kwenye kila moja, kisha akasonya. Kila kivinjari kina lake: hiki kinachora kitufe cha kutuma kwa buluu, kile kwa kijivu, na kwenye simu ya mama yake kitufe ni cheupe juu ya weupe, hakionekani kabisa.

"Kwangu kiko sawa," bosi alisema bila kuinua macho. "Kesho tunazindua."

Fundi akamwekea simu ya mama kiganjani. "Haya bosi, jiombee miadi."

Bosi akabonyeza hapa, akabonyeza pale, sauti ikaanza kupanda. "Sasa kitufe kiko wapi?"

"Ndivyo mama alivyoniuliza," fundi akasema, midomo ikimcheza, "huku anatetemeka kwa homa."