Jiwe Lililokatazwa Maji

Watu wengi huipenda harufu ya udongo mkavu unapopata maji mara ya kwanza. Mimi inanitia hasira. Nikiisikia tu, nimesharudi darasa la tano, kijijini kwetu Ivuna, mbele ya ndoo ya plastiki ya bluu, naangalia jiwe la bibi yangu likigeuka tope.

Bibi alikuwa mpika chumvi. Alikusanya udongo wa chumvi bondeni, akauchuja kwa maji katika chungu chenye matundu, kisha akayachemsha yale maji mpaka chumvi ikabaki. Udongo aliujua kwa ulimi; akionja kidogo tu alikwambia umeuchota wapi. Ndani ya kopo la maziwa ya unga, katika kitambaa, alitunza jiwe jeusi la ukubwa wa yai la kuku, jepesi kuliko lilivyoonekana. Alipewa na baba yake, aliyesema lilianguka kutoka angani kwa kishindo enzi za Waingereza. Sharti lilikuwa moja: lisiloe. Masika lilitoa unga mweupe juu yake. "Linatoa jasho," Bibi alisema. Niliuonja siku moja nikatema. Ulikuwa mchungu, haukufanana na chumvi yetu.

Mwalimu wetu wa sayansi alipofundisha vimondo, nilinyoosha kidole nikasema sisi nyumbani tunacho. Darasa zima likacheka. Nilimsumbua Bibi siku mbili mpaka akanipa kopo. "Mwambie alitazame, alirudishe. Asilioshe."

Mwalimu alikuwa amewahi kufika Mbozi kukiona kimondo kikubwa cha kule, na hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake. "Kimondo ni chuma," alisema. "Hiki kinaandika kama mkaa." Akachora mstari mweusi ukutani, wenzangu wakashangilia. Kisha akachukua sumaku ya spika mbovu ya redio, akaisogeza. Vumbi jeusi likaruka na kuganda kwenye sumaku. Akaisogeza sumaku karibu na macho. Nilimwona akiitazama.

"Lina uchafu," akasema. "Tulioshe kwanza."

"Mwalimu, Bibi amesema lisi..."

"Bibi yako kasoma mpaka darasa la ngapi?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Lilipoingia majini lilitoa viputo, likapasuka, likamomonyoka. Harufu ikapanda. "Bonge la udongo wa chumvi," Mwalimu akahitimisha. "Bibi yako anakudanganya." Akamwaga ndoo nje kwenye maua, akanikabidhi sumaku niisafishe. Tangu siku hiyo nikaitwa Kimondo. Wingu likitanda tu, utasikia: "We Kimondo, kimbia usije ukayeyuka."

Nyumbani nilimrudishia Bibi kopo tupu na kitambaa chake. Nikamwambia nilichofundishwa: "Lilikuwa udongo tu, Bibi. Ulitudanganya." Alikunja kitambaa, akakiweka ndani ya kopo, akafunika. Hakuwahi tena kunisimulia habari za baba yake.

Chuo kikuu, nilikokwenda kusoma jiolojia, mhadhiri alitufundisha jinsi vimondo vinavyoainishwa. Kuna vya chuma, kama cha Mbozi, na kuna vya mawe. Katika vya mawe kuna vyenye kaboni, na kati ya hivyo kuna kundi moja adimu, laini, jeusi, ambalo karibu lote ni madini ya udongo, na ndani yake kuna chembe za magnetiti zinazovutwa na sumaku, na salfati za magnesi, jamaa ya chumvi ya haluli, ile chungu inayoharisha, ambazo hujitokeza nje kama unga mweupe hewa ikiwa na unyevu. Kimondo cha kundi hilo kikiloa, humomonyoka. Kundi hilo limepewa jina la mahali kilipoanguka kimondo kimoja: Ivuna.

"Ivuna ipi?" nikauliza.

"Kwani ziko ngapi?" mhadhiri akajibu, na darasa likacheka.

Bibi alikuwa ameshafariki.

Ningependa kukwambia kwamba alikuwa sahihi. Siwezi. Udongo mkavu wa chumvi nao humomonyoka majini, mchanga mweusi nao huvutwa na sumaku, na ulimi wa mtoto si maabara. Huenda Mwalimu alipatia. Hasira yangu si kwamba alikosea. Mtu yeyote hukosea. Hasira yangu ni kwamba aliona vumbi likiruka, akajiuliza kwa sekunde moja, kisha akachagua kutojiuliza. Alichomwaga kwenye maua ndicho ambacho kingeweza kunijibu leo.

Mimi je? Bibi aliniambia kitu kimoja, mtu mwenye chaki akaniambia kingine, nikachagua chaki. Sasa naitwa mtu anayehoji kila kitu. Siku ile nilimhoji mmoja tu, tena yule asiyestahili.

Vumbi lililobaki kwenye sumaku nililifuta kwa sketi yangu ya shule. Lilikuwa jeusi, gumu kutoka. Jumamosi niliifua sketi hiyo mara mbili, mpaka Bibi akanisifu kwamba imetakata.