Miwani ya Kuotea

Shemeji yangu ni fundi redio, tena mbishi asiyeambilika. Dada yangu, mkewe, alipofariki, shemeji alichukua miwani ya kuogelea, akafunga ndani yake jicho la rimoti ya zamani. Jicho hilo likiona kope zake zinachezacheza usingizini, ishara kwamba anaota, linawasha taa ndogo nyekundu. Mwanga ukimfikia usingizini, atajua yuko ndotoni bila kuamka, azungumze na mkewe akili ikiwa timamu.

“Umechanganyikiwa, shemeji,” nilimwambia. Akaendelea kuchomelea nyaya zake.

Juzi asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, taa imeng’oka, iko kiganjani.

“Alikuja?”

“Alikuja. Taa ikawaka, nikajua naota. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, ‘Zima hiyo taa, tulale.’”

“Ukafanyaje?”

“Nikaing’oa. Nikaamka nayo mkononi.”

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Miaka yote ya ndoa yao dada alimwomba hivyohivyo, na mbishi huyu akabaki ameinamia redio za watu.

Taa hajairudisha. Siku hizi analala mapema, giza totoro, na upande wa ukutani, aliolala dada, haugusi.