Upole wa Meneja wa Zamu

Meneja wa zamu katika kiwanda cha sabuni pale Zegereni ana sauti ya kuamsha mtaa. Lakini tangu arudi mafunzoni, alikoambiwa kiongozi haamrishi bali huuliza na kusubiri, hufunga mikono mgongoni na kubana midomo mpaka masharubu yanacheza. "Ndugu zangu, mnaonaje, tuboreshe wapi?" huuliza kama mtu aliyeingia msibani. Kila mmoja huinamia kazi yake. Leo mkufunzi anakuja kumpima, na wafanyakazi wasipotoa wazo hata moja, cheo kitamponyoka. Jasho linamtiririka, naye anatabasamu tu.

"Shikamoo, bosi," akajikaza Firdausi, mfungashaji. "Tuambie ukweli. Mnatupunguza kazini?"

"Marahaba. Nani kasema?"

"Huo upole wako, baba. Hatulali. Tugombeze kidogo, roho zitulie."

Meneja akachungulia getini, mkufunzi hajafika. "Haya, nani karundika maboksi haya njiani? Kila siku najikwaa!"

Watu wakaangua kicheko. "Alhamdulillahi, amepona!" akasema Firdausi. "Uliagiza mwenyewe yakae hapo, bosi. Sisi tunataka yahamie karibu na mlango, ila tuliogopa kukwambia."

Meneja akasogea, akanong'ona, "Basi akija mgeni, lisemeni hilohilo. Ila aliyeagiza msimtaje."