Karanga za Kusaga

"We Mama Allen, bado unamkorogea mtoto uji wa unga wa Bi Somoe?" Mama Gladness aliuliza bombani, ndoo yake haijajaa hata nusu. "Maafisa wamekuja kupima, wamekuta sumu. Tena eti Wakenya ndio waliokataa."

Loveness alikaza kanga aliyombebea mtoto. Allen alikuwa mgongoni, shavu limelala begani pake, na asubuhi ile alikuwa amemaliza kikombe kizima cha uji huohuo.

Nusu ya watoto wa mtaa wao, kule Chamazi, wamekuzwa na unga wa Bi Somoe. Alitoka Kimbiji akiwa bibi harusi. Mume alipofariki, akabaki na kikaango na gunia la karanga. Akakaanga, akafunga kwenye vikaratasi, akauza stendi. Baadaye nesi wa kliniki alipowafundisha kina mama habari za lishe, wengine walisikia wakaondoka, yeye akaenda kuanika mahindi na soya, akavisaga pamoja na karanga kuwa unga wa uji. Hajui kusoma zaidi ya msahafu, lakini unga wake ulijulikana mpaka Mbagala.

Loveness alimkuta barazani, ungo mapajani, anachambua karanga.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa, au umekuja mwenyewe?"

Loveness akacheka kidogo, kwa aibu. "Wanasema sumu."

"Sumukuvu. Neno refu, wao wamebeba kipande." Akamsogezea karatasi aliyoachiwa na afisa. "Wewe umemaliza la saba. Nisomee tena."

Loveness akasoma polepole. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kipimo kimoja cha sumukuvu, sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi na karanga. Kanuni za hapa nchini zikarekebishwa zilingane nacho. Unga wa watoto usiuzwe mpaka upimwe maabara.

"Mie siuzi Kenya," Bi Somoe alisema. "Hata Kawe sijauza. Nikamwambia yule afisa. Akanijibu, bibi, nchi ikishasaini, imesaini mpaka barazani kwako. Haya, siku wanakaa kukubaliana, nani alikuwepo pale aliyewahi kusaga karanga?"

Loveness alikuwa akiiangalia mikono ya Bi Somoe. Karanga nono zilikwenda kwenye beseni la kukaanga. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye doa jeusi, zilikwenda kwenye ndoo ya kusaga. Ndivyo wafanyavyo wauza karanga wote: ya kukaanga mteja anaiona, ya kusaga haonyeshwi mtu. Yeye mwenyewe alishakaa hapo mara nyingi akisaidia kuchambua, wanapiga soga, bila kuwaza.

"Bi Somoe, hizi zenye doa la ukungu ndizo…"

Mkono wa Bi Somoe ulisimama juu ya ungo. Aliitazama ndoo, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni, akairudia ndoo.

"Naonaga uchungu kutupa chakula," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka yote hiyo. Nilijua zimechacha tu, nikijua moto unamaliza."

Akauweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

"Ule unga uliobaki kwako usimpikie tena. Niletee leo. Kisha twende wote kwa wenzio, mlango kwa mlango, nikawaombe na wao warudishe. Peke yangu, mwanangu, sitaweza kulisema."